Ndugu Asiyekuwemo Kwenye Fomu

Jumanne, 14 Januari

Daftari hili nimepewa na shule niandikie mambo ya bodi. Lina picha ya mti wa pikani kwenye jalada na kurasa mia mbili. Mambo ya bodi kwa mwezi hayajazi hata kurasa mbili, kwa hiyo zilizobaki nimejigawia mwenyewe.

Leo bunge la Texas limefunguliwa kule Austin. Wale hukutana mwaka mmoja wakaruka mmoja, siku mia na arobaini, kisha hufunga mlango wakaenda zao. Madame Marguerite, mkuu wa shule yetu, ametuandikia wajumbe wote watano kwamba kuna mswada unaotuhusu, tukae macho. Shule yenyewe ni Pecan Lane. Ni ile aina wanayoiita charter: serikali inatoa fedha, lakini anayeiendesha ni bodi ya watu binafsi, na miongoni mwa watu hao tangu Agosti nimo mimi, Khairiya wa Lamu, msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee, mkaazi wa mtaa wa Vickery Meadow, mama wa Nuha wa darasa la nne. Bi Swafiya, mama aliyeninyonyesha, alipoambiwa kwa simu alicheka mpaka akaomba maji.

Jumatano, 22 Januari

Baridi ya kukata masikio. Barafu imetanda kwenye ngazi za nje, shule zimefungwa mapema. Shamsudin alimrudisha Nuha kwenye mzunguko wa mwisho, akapanda naye juu, akaketi mezani kumaliza mkate wa sinia wangu.

Yeye ndiye mwenye yale mabasi madogo matatu ya kijani. Shule iko ng'ambo ya barabara kuu, na watoto arobaini na mmoja wa Vickery Meadow huvushwa naye asubuhi na kurudishwa jioni. Bila yeye hawafiki, maana mama zao wengi wako kazini tangu alfajiri na magari hawana. Bodi ilimpa mkataba Oktoba, kura tatu kwa mbili. Mkono wangu ulikuwa juu kabla Marguerite hajamaliza kusoma jina la kampuni.

Shamsudin ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama mzazi alifariki nikiwa na siku kumi na moja. Bi Swafiya, ambaye nyumba yake na yetu zilishiriki ukuta, alikuwa na Shamsudin wa miezi miwili kifuani, akaniweka mimi upande wa pili. Tumenyonya ziwa moja mwaka na miezi saba. Kwa dini yetu huyo ni kaka tosha: hanioi, na mbele yake sijifuniki nywele. Hodi yake hupigwa huku mwenyewe keshaingia.

Basi tulikuwa hivyo, mimi kichwa wazi na nywele zimelowa mafuta, pazia la dirisha liko wazi, mlango ulipogongwa kwa adabu. "Hodi, ni Vital." Niliruka, nikanyakua leso kwenye kiti, nikajifunika mpaka kwenye paji, ndipo nikafungua. Vital ni mjumbe mwenzangu wa bodi, Mkongomani wa Uvira, anafanya kazi kwenye ghala. Alileta karatasi za kutia sahihi. Akamwona Shamsudin na kipande mkononi, akaitazama leso yangu, akamtazama tena Shamsudin.

"Pardon, Mama Nuha. Sikujua uko na mugeni."

"Mgeni gani?" Shamsudin akacheka. "Mimi wa hapa hapa. Karibu ule, mzee."

Hakula. Mtu wa kuchunguza kila kitu huyu bwana, hata kwenye mikutano husoma maandishi madogo ya chini ya ukurasa.

Jumatano, 5 Februari

Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, jiji hujaribu ving'ora vya kimbunga. Kila mwezi najua vitalia, na kila mwezi nashtuka.

Jumanne, 11 Februari

Mkutano wa bodi ulichukua saa mbili na nusu, makalio yamekufa ganzi.

Wakili wa shule alitusomea mswada. Ukipita, mjumbe hataruhusiwa kupigia kura biashara ya mtu wake, na shule itakayokutwa imeficha jambo kama hilo yaweza kunyang'anywa kibali. Kibali chetu kinaangaliwa upya Agosti. Akasema tusihofu, sheria ya sasa inauliza ndugu wa damu na wa ndoa tu, na fomu zetu za mwaka jana zote ni safi.

Vital akanyoosha mkono. "Mais, tusingojee Austin. Tuanze sisi wenyewe. Kule kambi ya wakimbizi, chef wa bloc, mukubwa wetu, alikuwaka anagawia ndugu zake maharagi kwanza. Kisha anasema, hapana, huyu haiko ndugu yangu, ni mutoto wa rafiki ya baba. Sisi tunabakia na njaa. Mi sitaki ile kitu hapa, kwa shule ya batoto betu."

Nilikasirika. Nilimwona anajitia usafi. Lakini wenzetu walitikisa vichwa, na wakili akaandika swali jipya pale pale: je, kuna mtu yeyote unayemhesabu kuwa wa familia yako anayefanya biashara na shule? Kila mjumbe atalijibu Aprili, kwa kiapo, mbele ya mthibitishaji wa viapo. Na mkataba wowote uliopita kwa kura ya mtu wa namna hiyo ni batili tangu mwanzo, unasimama siku hiyo hiyo na kuripotiwa.

Waliokubali watano, waliokataa hakuna. Mkono wangu pia ulipanda. Ningeuacha chini wangeniuliza kwa nini.

Nje, kwenye maegesho, nilimweleza Marguerite kila kitu, habari za ziwa na mwaka na miezi saba. Alinisikiliza huku akitafuta ufunguo wa gari.

"La loi ni damu na ndoa," akasema. "Maziwa haiko ndani."

"Sheria sawa. Lakini swali la Vital je? Unayemhesabu."

"Mama Nuha, basi ile ikisimama, batoto arobaini na moja batakuja na nini? Hakuna kampuni ingine ililetaka barua. Ni yeye peke yake." Akafungua gari. "Mi sikuambie useme nini. Mi nakuambia arobaini na moja."

Hakuniambia niseme uongo. Naliandika hili kwa haki yake.

Jumatano, 12 Februari

Sijamwambia Shamsudin.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeingia. Shamsudin amefuturu kwetu, amekula kaimati kumi na nne, nimezihesabu. Nuha alimsomea ukurasa mzima wa kitabu cha shule, kwa sauti, bila kukwama. Miaka miwili iliyopita mtoto huyu alikuwa hafungui kinywa darasani, mwalimu akadhani hasikii. Aliyemfungua kinywa ni mwalimu mmoja wa Pecan Lane na viti vya mbele vya basi la kijani, ambapo Shamsudin humwita "konda" na kumpa kazi ya kuita majina ya wenzake.

"All forty-one, Mom. I know them by heart," akaniambia.

Niliazimia kumwambia Shamsudin baada ya chai. Baada ya chai nikaosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Upepo wa vumbi, anga rangi ya chai ya maziwa. Ving'ora. Nikashtuka.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefika Austin. Kamati ilikuwa inasikiliza watu juu ya ule mswada, na yeyote anaweza kujiandikisha akapewa dakika mbili. Marguerite alikwenda jana. Mimi nilipelekwa na Shamsudin kwa basi lake moja, watoto akiwaachia madereva wake, saa tatu za njia, na saumu zetu mdomoni. Anadhani naenda kuitetea shule, na kweli naenda kuitetea shule.

Hotuba yangu niliiandika nyuma ya daftari hili. Nilitaka kuwaambia waheshimiwa kwamba sisi tuliokuja huku tumetengenezwa na watu wasio wa damu yetu, kwamba mtu akiniuliza nani wangu siwezi kujibu kwa kutia alama kwenye kisanduku cha fomu, kwa hivyo waandike sheria iruhusu mtu kusema ukweli bila watoto kuadhibiwa. Mwenye ndugu aseme, akae nje ya kura, lakini basi litembee. Ni hilo tu. Nililipima kwa saa ya simu: dakika moja na sekunde hamsini.

Nilikuwa wa themanini na saba. Ukumbi una mazulia mazito na baridi ya mashine. Hadi saa saba walikuwa wamefika wa ishirini na sita, kisha waheshimiwa wakaondoka kwenda kupiga kura mahali pengine, tukaachwa tunatazama viti. Zamu yangu kwa wazee nilikuwa nimeibadilisha ianze saa kumi na mbili jioni, na msimamizi aliniambia nikichelewa tena nisihangaike kuja. Saa nane na nusu walikuwa kwenye thelathini na tisa. Nikaondoka.

Njiani Shamsudin akasema, "Haya, nisomee mimi. Mimi ndiye kamati."

Nikamsomea, nikaruka pale pa ndugu. Akapiga makofi kwenye usukani. "Imepita! Bila kupingwa!"

Tulikuwa tumefika Waco, katikati ya njia, simu ya Marguerite ilipoingia. Waliruka majina ya watu waliokwisha ondoka, foleni ikakimbia, jina langu limeitwa. Mara mbili, akasema. Kuiri-ya, Kuiri-ya. Kisha wakaita linalofuata.

Jumapili, 30 Machi. Idi, Katy

Nimeshindwa kulala mapema leo, na hii nitaiandika yote.

Tulikwenda mji wa Katy jana, mimi na Nuha na Shamsudin, kwa Ridhwan, mdogo wake, anayekaa na mama yao. Nyumba mpya, mtaa wa nyumba mpya, miti bado imefungwa vijiti isianguke. Asubuhi tuliswali, tukala tambi za sukari na mahamri, wanaume wakatoka kutembelea watu. Nilibaki na Bi Swafiya chumbani kwake, nikimpaka mafuta miguu. Ana miaka themanini na mbili na hakuna kinachompita.

"Wewe una jambo," akasema. "Tangu jana wanitazama ukiniibia macho."

Nikamwambia. Nilidhani hataelewa mambo ya bodi na miswada, lakini alielewa upesi kuliko wakili.

"Kwa hivyo ukisema ni nduguyo, gari zasimama."

"Zasimama, Mama."

"Na Shamsu hana kazi. Na wale watoto hawana njia. Na Nuha."

"Ndiyo."

Nje mashine ya kukata nyasi ilikuwa inanguruma, Idi kwetu, Jumapili kwao. Kisha akauvuta mguu wake mkononi mwangu, akaufunika na shuka, akakaa wima.

"Ili maziwa yawe udugu, ni mara ngapi?"

Kila mtu kwetu anajua. Tulisomeshwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tukiwa wadogo. "Mara tano, Mama. Mtoto ashibe mara tano."

"Basi." Alikuwa anatazama ukutani. "Mimi ni mzee, nimesahau mengi. Lakini hilo nalikumbuka. Nalikunyonyesha mara nne."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana yeye ni mtu wa mizaha. Mwaka na miezi saba! Meno yangu ya kwanza yaliota kwenye ziwa lake, alama alinionyesha mwenyewe nilipokuwa msichana, akinitania kwamba mimi ndiye niliyekuwa mchoyo.

Hakucheka. "Mara nne," akarudia. "Ukiulizwa, waambie wamuulize mwenye ziwa. Mimi ntawajibu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Nina kitu gani kingine cha kukupa?"

Nilimwekea kichwa mapajani, nililia, naye akanisukasuka nywele mpaka wanaume waliporudi. Shamsudin aliingia moja kwa moja chumbani, akatukuta hivyo. "Mmeanza," akasema. "Wakipatana hawa wawili lazima kilio." Akamtupia kila mmoja wetu peremende. Hakuna aliyemwambia chochote.

Jumatano, 2 Aprili

Ving'ora.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka hili liwe kwenye karatasi.

Mthibitishaji alikuwa mama mmoja mzee mwenye mhuri kwenye mkoba. Tulikuwa wajumbe watano mezani, pamoja na Marguerite na wakili, naye Shamsudin kwenye viti vya nyuma, amevaa koti, na ramani za njia za mwaka ujao zimekunjwa vizuri mapajani. Marguerite alimwita ili aeleze mipango. Hakuna aliyefikiri kwamba viapo viko mwanzo wa ajenda. Au mimi ndiye niliyepaswa kufikiri, na sikufikiri.

Wenzangu walitia sahihi mmoja mmoja: hapana, hapana, hapana. Karatasi ikafika kwangu. Nikashika kalamu. Vital akakohoa.

"Mama Nuha, kabla ujaandika. Mi naheshimia dini yenu, unajua. Lakini nilionaka kitu. Siku ile ya barafu nilipobisha, ulijifunika mbele yangu. Mbele yake ulikuwa haujajifunika, nilionaka kwa dirisha, leso ilikuwa kwa kiti. Niliuliza majirani bangu ba dini yenu. Baliniambia mwanamuke anaacha kichwa wazi mbele ya bwana yake, baba yake, na ndugu yake." Akageuka kwa heshima, hakunyoosha kidole. "Huyu Monsieur Shamsudin iko nani kwako?"

Wakili akauliza kumetokea nini, Marguerite akamtafsiria vipande. Shamsudin alikuwa anatabasamu kule nyuma, maana kwake swali lilikuwa jepesi. Aliona fahari kuulizwa. Aliinua hata mkono nusu, tayari kunisaidia kueleza.

Niliwaza watoto wakisimama ukingoni mwa barabara kuu. Nikawaza Nuha na majina yake arobaini na moja, na Bi Swafiya akitazama ukuta, akisema mara nne. Naapa hapa ambapo hakuna mhuri kwamba sikuwaza nafsi yangu.

"Si ndugu yangu," nikasema.

"Pardon?"

"Si ndugu yangu. Ni mtu wa kwetu, basi. Siku ile nilighafilika, niliacha kichwa wazi, ni makosa yangu."

Nikainua mkono wa kulia, nikaapa, nikaandika hapana, mhuri ukagonga. Vital aliinamisha kichwa. Alikuwa ameona aibu kwa ajili yangu, kwa sababu kwa jibu hilo nilikuwa nimejifanya mwanamke anayekaa nywele wazi na mwanamume wa watu. Hilo pia lilikuwa limeandikwa sasa katika kumbukumbu za mkutano.

Marguerite akasema kwa sauti ya haraka kwamba tunaendelea, Monsieur Shamsudin atatuonyesha njia. Shamsudin alisimama. Aliziweka ramani mezani, mbele yangu hasa, akazinyoosha kona.

"Zimo zote," akasema. "Atakayechukua kazi zitamfaa. Mimi namaliza Ijumaa."

"Mais mukataba unaenda mpaka juin, mwezi ya sita!" Marguerite akasema.

"Ijumaa, Madame. Samahani sana."

Nilimkimbilia kwenye maegesho. Alikuwa keshafungua mlango wa basi.

"Shamsu, sikiza. Ni kwa ajili ya gari zako. Ni kwa ajili ya watoto."

"Gari zangu ningeuza." Hakupandisha sauti, na ndivyo nilivyojua nimemuumiza. "Ningeziuza zote, Khairi, ungeniambia tu. Ungeniambia Februari. Ningerudi kuendesha teksi. Mama anajua umesema hivi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni. Lakini ningelitoa, angekuwa amempoteza mama pia, jioni hiyo hiyo.

"Hajui," nikasema. "Nimesema mimi."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefunga. Kafara ya kiapo ni siku tatu. Leo ya kwanza.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefunga. Basi la kijani la mwisho limepita saa kumi kasorobo. Nuha alishuka na kofia ya konda aliyopewa na mjomba wake. Shamsudin hakupanda juu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefunga. Sioni tofauti.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa moja asubuhi niliwaona ukingoni mwa barabara ya pembeni, chini ya daraja la barabara kuu: watoto kumi na wawili na akina mama wawili, wanangoja magari yapungue. Hayapungui. Mama mmoja Mkongomani akaniuliza, "Bodi inasema nini?" Nikasema bodi inatafuta kampuni nyingine. Ni kweli inatafuta. Sita wamekwisha hamishwa kwenda shule nyingine.

Nuha ananiuliza kila jioni. "Did Uncle Sham quit because of me?"

"Hapana, mama. Kwa nini iwe wewe?"

"Because I forgot one name on Thursday."

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mawe, saizi ya ndimu. Vioo vya magari sita vimevunjika kwenye maegesho yetu. Watoto wengi hawakwenda shule.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Shamsudin hapokei simu. Ridhwan anasema kaka yake amepata kazi ya kuendesha wagonjwa kwenda hospitali kule Katy, atahama kutoka Arlington, anakokaa sasa, mwanzoni mwa Juni.

Jumatano, 7 Mei

Ving'ora. Safari hii sikushtuka.

Jumanne, 13 Mei

Nilikwenda ofisini kwa Marguerite, nikafunga mlango. Nikamwambia nataka kufuta kiapo changu. Mabasi yamekwisha simama, nilichokilinda hakipo tena, basi angalau niseme kweli.

Alivua miwani. Nimemjua mwanamke huyu miaka mitatu, aliyefungua shule kwenye ukumbi wa kanisa na meza za kuazima, na nilikuwa namwona mtu asiyechoka. Leo nimemwona amechoka.

"Ukibadilisha sasa," akasema, "ile inaitwa kiapo ya uongo. Ya mujumbe wa bodi. Wakili lazima aripoti. Août, mwezi ya nane, banaangalia kibali yetu. Ils vont fermer, batafunga shule, Mama Nuha. Si mabasi tu. Batoto mia tatu."

"Kwa hivyo nikae nacho."

"Ukae nacho." Akanishika mkono. "Mi pia nitakaa nacho. Nilikuambia arobaini na moja. Ilifaa nisikuambie."

Kengele ikalia. Kisha nikaandika barua ya kujiuzulu, mistari miwili, sababu za kifamilia.

Ijumaa, 16 Mei

Vital alinikuta kituo cha treni. Ana gari dogo bovu, na siku hizi akitoka ghalani asubuhi, kabla hajalala, huvusha watoto wanne, kisha wanne, kisha wanne. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo na kuikataa. Leo nimeyaona macho yake mekundu.

"Mswada ulikufa," akaniambia. "Haukufika kwa kura. Siku ya mwisho ya kuupeleka mbele ilikuwa jana. Orodha ilikuwa ndefu, saa ikaisha."

"Umekufa? Hivi hivi tu?"

"Hivi tu. Hakuna muntu aliukataa. Saa ndio iliisha."

Nilitaka kucheka. Akaendelea, akitazama reli. "Mama Nuha, kuko kitu inanisumbua. Niliuliza mbele ya batu. Ningekuja kwako pembeni, unipe jibu kwa nyumba. Ile ilikuwa mbaya. Lakini swali yenyewe..."

"Swali lenyewe lilikuwa sawa, Baba," nikasema. Na ndivyo ninavyoona, na ndilo linaloniuma. Oktoba nilinyoosha mkono kwa sababu ni kaka yangu. Ningekuwa Uvira, ningekuwa kambini, ningekuwa mtoto wa njaa, ningeliuliza swali hilo mimi mwenyewe.

Treni ikaja. Hakuniuliza tena kama nilisema kweli. Nafikiri anajua.

Jumatatu, 2 Juni

Bunge limefunga leo. Siku mia na arobaini. Wameahidiana kurudi.

Jumatano, 4 Juni

Niko nyumbani, zamu yangu ni ya jioni. Shule imefungwa, Nuha amelala kwenye zulia na kitabu. Nilikuwa nimetoka kuoga, nywele zinachuruzika, nimeshika kitana. Hodi ikapigwa.

Niliijua sauti. Mwili wangu ulijua kwanza, kwa sababu ulibaki pale pale ulipo, ukingoja mlango ufunguke wenyewe. Haukufunguka.

"Hodi," akasema tena, kutoka nje.

"Karibu! Ingia, Shamsu, mlango uko wazi."

"Nimekuja kuaga. Naenda Katy. Nina vitu vya Nuha, vilibaki kwenye gari."

"Si uingie, bwana!"

Akausogelea mlango. Kisha akasema, karibu na ubao wa mlango, ili mtoto asisikie, "Sema wewe. Kama ni nduguyo, niambie niingie kama ndugu, na wewe nenda kaseme hivyo hivyo kule ulikoapa. Kama si nduguyo, mimi nangoja hapa ujifunike. Lolote utakalo, Khairi. Lakini liwe moja."

Ving'ora vikaanza. Saa sita, Jumatano ya kwanza. Vililia juu ya mapaa yote ya Vickery Meadow, dakika nzima, na yeye akangoja viishe bila kubisha, bila kuondoka, nikiona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Nikaiwaza Agosti, na watoto mia tatu. Nikataka sana mtu mwingine anijibie, hata ule ukumbi wa mazulia wa Austin.

"Mom," Nuha akasema kutoka chini, bila kuinua macho kwenye kitabu, "it's Uncle Sham. Why don't you just let him in?"

Leso ilikuwa kwenye kiti, ile ile. Nikaichukua. Nikaizungusha kichwani juu ya nywele mbichi, nikaivuta mpaka kwenye paji, nikakaza kidevuni. Nikafungua mlango.

Aliniona. Akainamisha macho chini, kama afanyavyo kwa wanawake wa watu, akanyoosha mkono wenye mfuko wa vitu vya Nuha bila kuvuka kizingiti.

"Asalaam aleikum, Bi Khairiya," akasema.